Kokoto za jirani, ufa ukutani na kengele ya bibi

Mwezi huu meseji zimekuwa nyingi kweli, na karibu nusu zinahusu ujenzi, mji unajengwa bwana, kila kona mikisa inazunguka. Zilizobaki nyingi zinauliza vile vifaa vya wazee, vya kubonyeza ukianguka. Nimechukua tano. Mbili nimezijibu kwa urefu, tatu kwa kifupi, wasinune wenye zile tatu.

Shikamoo mama. Mi naishi Mwanga hapahapa Kigoma, nyumba ya urithi, niko na bibi mzaa mama ana miaka 78. Jirani kabomoa nyumba yake ya zamani sasa anapandisha gorofa, msingi kachimba mpaka ukutani kwetu kabisa. Wanapiga mashine hadi saa nne usiku, vumbi la simenti linaingia mpaka kwenye sufuria, ukuta wa chumba cha bibi umepasuka, afu kokoto wamezimwaga kwenye kinjia chetu cha kwendea chooni, juzi bibi kajikwaa kaanguka, bahati tu hakuvunjika. Nimemfata fundi mkuu ananijibu hapa mjini, asiyetaka kelele arudi kijijini. Je nina haki yoyote au nivumilie tu maana kiwanja ni chake? — Mjukuu, Mwanga

Marahaba mwanangu, mpe bibi pole yangu. Nianze na huyo fundi maana kaniudhi. Kiwanja ni cha bosi wake kweli, ila vumbi likishavuka ukuta haliko tena kwenye kiwanja chake, liko kwenye sufuria yako, na hapo ndo sheria inaanza kukuangalia wewe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 4, inasema kila anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 kinakupa nguvu ya kwenda kuidai haki hiyo, sio lazima usubiri mkubwa akusemee. Na watu walishadai wakapata. Kesi ya Tabata kule Dar ilifunguliwa 1988, wakazi waliishtaki Halmashauri ya Jiji kwa ajili ya dampo lililokuwa linawamalizia afya, Jaji Lugakingira akawapa haki yao na akaegemea ibara ya 14 ya Katiba, ile ya haki ya kuishi. Wale walikuwa wanapambana na jiji zima, we unapambana na mchanganya zege.

Ila nikuambie ukweli, mahakama ni ya mwisho. Kwanza ushahidi, na ushahidi wenyewe unaanza leo sio wiki ijayo.

Chukua penseli, weka alama pale ufa unapoanzia na pale unapoishia, andika tarehe hapohapo ukutani. Weka sarafu ya mia mbili pembeni ya ufa upige picha, ili upana uonekane. Afu tafuta kipande chembamba cha kioo, hata cha dirisha lililovunjika, kibandike kikatize ufa kwa kukishika na jasi ncha zote mbili uache kikauke. Kioo hakinyumbuki, kwahiyo siku ukikikuta kimekatika ujue ukuta bado unatembea, na hiyo picha ya kioo kilichokatika pamoja na tarehe yake hakuna fundi wa kuibishia. Vinyufa vyembamba kama unywele kwenye plasta visikutoe roho, plasta ikikauka huwa inafanya hivyo hata bila jirani. Unaotakiwa kukutoa roho ni ule ufa unaopanda kama ngazi ukifata viungo vya tofali, au mlango uliokuwa unafunga vizuri sasa unakwama juu. Ukiona hivyo mhamishe bibi chumba usiku uleule.

Sababu yenyewe sio uchawi. Msingi wenu umelala kwenye udongo, na udongo huo unashikwa na udongo wa pembeni. Jirani akichimba kushuka chini kuliko msingi wenu, hajaacha kingo wala hajaweka mbao za kuzuia, udongo wenu unamwagikia kwake taratibu. Na Kigoma yetu tunaijua, ni miteremko inayoelekea ziwani, mvua zikishaanza maji yanashuka na kuingia kwenye shimo lile na kumalizia kazi. Kwahiyo kitu cha kwanza kabisa cha kudai, hata kabla ya kelele, ni kwamba upande wenu ule mtaro wa msingi wake uzuiwe kwa mbao na msingi ujengwe haraka usiachwe wazi. Wengi wanakosea hapa, wanaenda kupigania muziki wa mafundi wakati nyumba inashuka.

Haya, sasa kibali. Kujenga mjini lazima uwe na kibali cha ujenzi kutoka halmashauri, na kwenu ni Manispaa ya Kigoma Ujiji. Kibali hakitoki peke yake, kinaenda na ramani zilizogongwa muhuri, na kwenye ramani kuna umbali ambao jengo linatakiwa kuacha kutoka kwenye mpaka. Nenda ofisi ya mipango miji ukaulize vitu viwili tu, je ramani iliyopitishwa ni ya gorofa au ya nyumba ya chini, na je jengo liliruhusiwa kufika ukutani kwenu. Usiende na hasira, nenda na namba ya kiwanja. Angalia pia kama pana bango la mradi, mkandarasi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi anatakiwa aweke bango lenye jina lake na la mwenye mradi, na pasipokuwa na bango mara nyingi utakuta hakuna hata mkandarasi, ni fundi wa mtaani na vijana wake. Hilo nalo litaje unapolalamika.

Kuhusu usiku. Tuna kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015, na viwango vya usiku ni vikali kuliko vya mchana, na maeneo ya makazi ni kati ya yale yanayolindwa. Kwahiyo mashine ya saa nne usiku kwenye mtaa wa makazi haina utetezi wa maana, labda wawe wanamwaga zege la siku moja ambalo haliwezi kukatishwa, na hata hilo ustaarabu ni kuwaambia majirani mapema. Kelele za mchana, mwanangu, hizo nyingi utavumilia. Hakuna gorofa linalojengwa kimyakimya.

Njia ya kupita: achana na fundi, mtafute mwenye nyumba mwenyewe. Fundi analipwa kwa siku, ufa wako haumuhusu. Nenda na mtu mzima mwingine wa familia, na bibi asalimiwe, mara nyingi mwenye nyumba hana habari kabisa kinachoendelea saiti. Mwombe vitu vinavyowezekana: kokoto zitoke kwenye kinjia leo, kazi ya mashine iishe jioni, wamwagilie maji kabla ya kufagia na kukata tofali, waweke turubai au neti upande wenu, na ufa wautengeneze wao msingi ukishakamilika. Mkikubaliana andikeni, mjumbe asaini kama shahidi. Na akikupa elfu hamsini ya plasta akakwambia saini hapa, soma, maana niliwahi kuona karatasi imeandikwa "sina madai tena", mama wa watu akasaini, miezi miwili baadaye ukuta ukalala.

Akikataa, barua. Ukurasa mmoja, kimetokea nini, lini, unataka nini, ambatanisha picha. Nakala mbili, moja ubaki nayo imegongwa muhuri wa kupokelewa, hiyo ndo roho yako. Unaanza na mwenyekiti wa mtaa na mtendaji, unapanda kwa afisa mazingira wa manispaa na mhandisi, hao wana uwezo wa kufika saiti na kusimamisha kazi. Wakikaa kimya, NEMC, lile baraza la taifa la mazingira. Kama kuna ugomvi wa mpaka wenyewe, bikoni imeng'olewa au ukuta umeingia kwenu, hiyo inaanzia baraza la kata, ila tangu sheria ibadilishwe 2021 baraza la kata linasuluhisha tu halitoi hukumu, usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30 unaenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Na huna haja ya pesa ya wakili kwa kuanzia, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, wapo wilayani, uliza ofisi ya ustawi wa jamii.

Na kwa kuwa bibi ameanguka, mpeleke akapimwe hata kama anasema haumwi, kwenye kituo cha afya au hospitali ya Maweni, na karatasi ya hospitali uitunze pamoja na zile picha. Hata kokoto zipige picha kabla hawajazitoa.

Habari dada. Mama yetu yuko Ujiji anaishi mwenyewe, ana presha na magoti, hataki kuhama. Kaka yuko Marekani anataka kumtumia kile kidani cha kuvaa shingoni, ukianguka unabonyeza kinapiga simu, kuna kingine eti kinajua chenyewe umeanguka. Bei imesimama. Mi niko Kasulu nafundisha. Je vitafanya kazi huku au tutupe hela? — Mwalimu, Kasulu

Nzuri mwalimu. Mwambie kaka asimamishe kidogo kabla hajalipia, ananunua kitu ambacho nusu yake inabaki Marekani.

Kile kidani kikuu cha kule ni huduma, sio kifaa. Mama akibonyeza simu inaenda kwenye kituo, kuna mtu kakaa na kompyuta masaa 24, anaongea naye kupitia spika, afu anawapigia gari la wagonjwa la hukohuko. Mnalipa kila mwezi. Sasa mama akibonyeza akiwa Ujiji, hata kama simu itatoka, atapokea mtu ambaye Ujiji kwake ni jina tu, na namba yake ya dharura ni 911. Tena vifaa vingi vya kule vimefungwa laini ya mtandao wao, hukitoi ukaweka laini ya hapa. Na vile vya zamani anavyouziwa kwa bei chee aviogope, mitandao ya kule imezima 3G, mmoja mkubwa umezima Februari 2022, kwahiyo kuna vifaa vinauzwa ambavyo hata kwao havifanyi kazi. Chaja nayo aangalie, umeme wao ni volti 120 wetu 230, chaja iliyoandikwa 100–240 haina shida, iliyoandikwa 120 peke yake italia siku ya kwanza.

Kitu kinachoweza kufanya kazi huku ni kile kisichokuwa na kituo, kinachochukua laini ya kawaida, unakiwekea namba tatu au tano na mama akibonyeza kinapiga ya kwanza, isipopokelewa inaenda ya pili, inazunguka hivyo. Vipo vya kidani, vipo vya saa, na zipo simu za batani zenye kitufe kikubwa chekundu cha SOS, yaani cha kuomba msaada, nyuma. Mi nampendelea mzee ile simu ya batani kama tayari anajua kutumia simu, maana hakuna kipya cha kujifunza na betri yake inakaa siku nyingi. Saa za kisasa zinataka chaji karibu kila siku, na mzee wa miaka sabini na kitu hawezi kukumbuka. Baba yangu tulimnunulia saa ya hivyo duka moja la mjini, jamaa akatuapia inakaa wiki, siku ya pili jioni imekufa, ikaingia kwenye droo pamoja na rosheni na risiti za maji mpaka leo.

Hiyo ya kujua yenyewe kwamba umeanguka, ipo kweli na inafanya kazi, ndani kuna kitu kinahisi mshtuko wa ghafla na kutulia baada yake. Apple Watch inayo tangu 2018. Ila inachohisi ni ule mwanguko wa kishindo. Mzee wa kizunguzungu cha presha mara nyingi haanguki kwa kishindo, anateleza taratibu akishika ukuta mpaka anakaa chini, na hapo kifaa hakijui kitu. Afu akipiga makofi au akitupa mkono kwenye kitanda kinadhani kaanguka. Kwahiyo kama bei inaongezeka sana kwa ajili ya hiyo, ongezeko hilo nisingelipa, ningenunua taa ya choo.

Mkishachagua, kijaribuni nyumbani kwa mama, sio dukani. Ingieni naye kila chumba, nendeni mpaka chooni na jikoni nje, abonyeze pale. Nyumba za tofali nene na bati zinaua mtandao, laini inayoshika vizuri barazani inaweza isishike kabisa chumbani, jaribu mitandao miwili mitatu uone upi unashika pale anapolala. Kama mna ndugu huko Manyovu au Kagunga karibu na mpaka, zimeni rominga, maana simu inadaka mtandao wa Burundi na salio linaisha hujapiga hata moja. Jaribu pia siku ya mvua. Hili hakuna muuzaji atakuambia, mvua ya Kigoma ikipiga bati hata mkiwa chumba kimoja hamsikilizani, sembuse spika ya ukubwa wa kitufe cha shati. Mkubaliane kabisa simu ikiingia na haisikiki neno, mtu anaenda, haulizi.

Laini isajiliwe kwa kidole kama kawaida, na iwe na salio la kawaida sio kifurushi, kifurushi kinaweza kuisha saa sita usiku na mama akaanguka saa saba. Ipigwe simu hata mara moja kwa wiki, laini ikikaa muda mrefu bila kutumika inafungwa na hamtajua. Jumapili baada ya kanisa au Ijumaa baada ya swala, mama abonyeze, mpokee, muongee, basi.

Kifaa kisiogope maji. Tafuta kilichoandikwa IP67, maana yake vumbi haliingii na kinaweza kuzama maji ya mita moja kwa nusu saa. Wazee wanaanguka sana bafuni na chooni, na ndiko wanakokivua.

Sasa jambo ambalo naomba mwalimu ulichukue zaidi ya yote niliyoandika. Namba ya kwanza isiwe ya kaka, wala isiwe yako. We uko Kasulu, kaka huko kwao ni usiku, mtabaki kulia kwenye simu. Namba ya kwanza iwe ya jirani wa ukuta kwa ukuta, ya pili ya kijana wa bodaboda anayemjua mama, ya tatu ndo yako. Na jirani awe na ufunguo. Nasema hivi sababu wamama zetu wanafunga kitasa, wanatupia komeo, afu wanaegesha ubao. Kifaa kitapiga, jirani atafika ndani ya dakika mbili, na watasimama dirishani wanamsikia mama anaita huku wanatafuta nondo ya kuvunjia mlango. Komeo la ndani lile litoeni, wekeni kitasa cha kufungulika na ufunguo kutoka nje, ufunguo wa pili ukae kwa jirani.

Kwanini muda una maana hivyo. Shirika la Afya Duniani linahesabu kuanguka kunaua watu 684,000 kila mwaka duniani, na wengi wako nchi kama zetu. Mwingine anavunjika nyonga, ila mwingine havunjiki hata kidole, kinachomuumiza ni kulala sakafuni masaa hajaweza kunyanyuka. Nyama inayogandamizwa inaanza kuharibika, sumu yake inaenda kwenye figo, maji mwilini yanakata, baridi ya sakafu inaingia. Akikutwa baada ya dakika kumi ni hadithi ya kuchekea, akikutwa asubuhi ni wodini.

Na kama kaka akishindwa bei, kuna kitu mi nakipenda mpaka leo, kengele ya mlango isiyo na waya. Kitufe mnakifunga kamba mama anavaa, kile kipaza sauti kinachomekwa kwenye soketi mnakiweka kwa jirani. Hakina laini, hakina salio, hakina mtandao wa kukatika. Umbali ulioandikwa kwenye boksi ni wa uwanjani bila ukuta, kwahiyo jaribuni kwanza, na umeme wa jirani ukikatika kinakuwa kimya, hapo chagua chenye betri pande zote. Kitufe cha pili kifungeni chooni, chini kabisa karibu na sakafu, kwa kamba. Watu wanakiweka juu karibu na swichi. Aliyeanguka hafikii swichi.

Namba za nchi afundishwe hata kama ana kifaa, 112 polisi, 114 zimamoto. 115 ni ya gari la wagonjwa, wengi mnaijua kwa m-mama ya wajawazito na watoto wachanga. Zote bure. Ila kwa mitaa yetu bodaboda na bajaji ya jirani mara nyingi ndo inafika kwanza, hiyo ndo hali.

Na umuulize daktari wake wa presha kama dawa zinamshusha akisimama ghafla. Kuna akina mama wameacha kuanguka kwa kuambiwa tu wakae kitandani dakika mbili kabla ya kusimama.

Dada we unatetea majirani kila siku. Mi ndo najenga, Gungu, nyumba ya kawaida ya chini, jirani kila asubuhi analeta mjumbe, mara vumbi, mara kokoto, mara mafundi wanaimba. Nina kibali. Afanyeje mtu? — Mjenzi, Gungu

Kaka pole, na hongera kwa kibali, kibandike mahali kinapoonekana kwenye kava la nailoni, utashangaa ugomvi utakavyopungua. Kibali lakini ni ruhusa ya kujenga, sio ruhusa ya kumwaga kokoto barabarani, na moramu ikikaa njiani mtu akaanguka nayo ni yako. Kabla hujafika mbali na msingi, ingia kwa jirani ukiwa na simu, mwambie tupige picha kuta zako pamoja, mimi na wewe. Atafikiri unamtega, kumbe unajikinga, maana kuna watu wana nyufa tangu enzi za Mwalimu Nyerere na zinakuja kuzaliwa upya siku ukianza kuchimba. Vijana wamwagilie maji asubuhi. Nyimbo ziacheni, labda zile zenye matusi.

Mama, sisi tuko Kazuramimba, wathamini wamepita wameandika namba kwenye nyumba yangu na kuhesabu miembe, wanasema mradi wa reli. Mwaka unaenda. Je niendelee kukarabati? Na fidia ni nini na nini? — Mzee wa miembe

Shikamoo mzee. Reli ya kisasa ya Tabora hadi Kigoma ni kilomita 506, mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, kwahiyo mko wengi mnaosubiri. Ibara ya 24 ya Katiba inasema mali yako haichukuliwi bila fidia inayostahili. Kwa kanuni za fidia za 2001 haulipwi nyumba na miti tu. Kuna thamani ya ardhi na ulichokiendeleza, kuna posho ya usumbufu, posho ya makazi ambayo ni kodi ya miezi 36 kwa nyumba kama yako, posho ya usafiri inayohesabiwa kwa tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20, na kama ulikuwa na biashara pale, faida uliyoipoteza. Kiwanja kitupu hakipati makazi wala usafiri, hapo msije mkagombana na mthamini bure.

Fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi sita, ikichelewa inaongezeka riba. Na uthamini wenyewe kwa Sheria ya Uthamini ya 2016 unadumu miaka miwili tangu uidhinishwe na Mthamini Mkuu, ukipita hujalipwa unatakiwa ufanyike upya, bei za leo. Kwahiyo kitu cha thamani kuliko vyote ulicho nacho ni ile fomu uliyosaini, kama hawakukuachia nakala ifuate kwa mtendaji. Hesabu miembe yako mwenyewe, piga picha kila mmoja ukiwa umesimama chini yake. Kuhusu ukarabati, bati linalovuja ziba, usiongeze chumba kipya, kinachojengwa baada ya uthamini hakihesabiwi.

Dada, machinga wa stendi ananiuzia saa ya SOS elfu kumi tu kwa ajili ya babu. Nichukue? Na babu mwenyewe ameshasema hatavaa kengele kama mbuzi. — Mjukuu wa Kibirizi

Ukiweza kuiweka laini hapohapo stendi, ikapiga simu yako ukapokea mkasikilizana, tuanze kuongea. Kama ni ya kuchukua laini lazima ina namba ya IMEI, ile ya kuitambulisha kila simu, itafute kwenye mipangilio au nyuma yake, au ipigie *#06# kama ina batani, afu itume kwa meseji kwenda 15090, TCRA, mamlaka ya mawasiliano, wanakujibu kama ni ya kweli. Mwenye saa akianza kusema haina haja ya hayo, mrudishie saa yake, elfu kumi kanunue dagaa.

La babu kukataa nalielewa sana. Baba alikataa vilevile baada ya ile saa ya kwenye droo, kidani cha pili tulichomletea akasema anaonekana kama mgonjwa mbele ya wenzake wa bao. Tukakitoa kwenye kamba yake ya plastiki nyeupe, tukakifunga kwenye kamba nyeusi ya funguo za stoo, ambazo tangu mama afariki hamwachii mtu hata akienda kuoga. Hajawahi kusema kitu. Ila Jumapili jioni simu yangu inaita, nikipokea ananiambia nilikuwa natafuta ufunguo, hujambo?